Kuagiza Sumaku Kiwandani kwa Kusafishia Karafuu



Kila tukizungumza juu ya usafi wa karafuu, mazungumzo huishia kwenye mawe, mchanga na makonyo. Chuma husahauliwa. Na chuma kimo: msumari ulioanguka kutoka ubao wa gari, kipande cha waya, pini ya karatasi, chembe iliyomeguka kwenye koleo la mtu anayegeuza karafuu juani. Mwenye kuchagua kwa mkono juu ya jamvi huliona jiwe, lakini kipande cha waya chenye kutu humpita, kwa kuwa rangi yake na rangi ya karafuu kavu ni karibu moja. Karafuu ile ikifika kwenye kinu, msumari mmoja waweza kuvunja meno ya kinu, au kutoa cheche ndani ya vumbi la viungo, na vumbi kavu la viungo hushika moto. Ikifika kwa mnunuzi wa ng'ambo, naye akakuta chuma katika gunia moja, mara nyingi hakatai gunia lile peke yake.

Dawa yake ni sumaku, iliyotiwa mahali ambapo karafuu hupita kabla ya kutiwa guniani. Mfereji wa bati ulioinamishwa, karafuu zikateremka taratibu kwa unene wa vidole viwili hivi, na sumaku ikawa juu au chini ya njia yao, watosha. Lakini ijulikane mapema kuwa sumaku haishiki mawe, shaba, wala bati la alumini, na namna nyingi za chuma kisichoshika kutu hazivutwi nayo. Kazi ya kupepeta na kuchagua inabaki pale pale.

Sumaku zinazotajwa sana siku hizi ni za namna mbili. Ya kwanza ni ya neodimiamu, ambayo ni kali mno kwa umbo lake dogo, lakini ina chuma kitupu ndani yake na hushika kutu upesi rangi yake ya juu ikikwaruzika. Tena zile za kawaida huanza kupoteza nguvu zikipata joto la digrii 80. Ya pili ni ya feriti, ile nyeusi kama mkaa. Hii ni dhaifu zaidi kwa uzito wake, lakini ni rahisi kwa bei, hustahimili joto la digrii 250 hivi, na haiharibiwi na hewa ya bahari. Sababu yake ni ya kuchekesha kidogo: feriti haiwezi kushika kutu kwa kuwa imeumbwa kwa kitu ambacho ni kutu tayari, yaani oksidi ya chuma. Kwa sisi tukaao visiwani, ambako hata bawaba ya mlango haimalizi miaka mingi, jambo hili peke yake lingetosha kutuamulia. Zaidi ya hayo, kibonge kikubwa cha feriti hufikisha mvuto wake mbali kuliko kipande chembamba cha neodimiamu, na sisi twataka mvuto upenye tabaka zima la karafuu.

Sasa tuje kwenye kuagiza. Mwanachama asipojua kitu hiki hutengenezwaje hatafahamu kwa nini mwenye kiwanda humwuliza maswali mengi. Oksidi ya chuma huchanganywa na kaboneti ya strontiamu (mwaka 1952, watu wa Philips wa Uholanzi walipoitangaza sumaku hii, walitumia bariamu), ukachomwa mchanganyiko huo, ukasagwa mpaka ukawa laini kuliko unga wa mhogo uliochekechwa mara mia, kisha ukashindiliwa ndani ya kalibu. Wakati wa kushindiliwa, kalibu huwekwa katika mvuto wa sumaku ya umeme ili kila chembe ielekee upande mmoja. Halafu kibonge huingizwa tanuuni kwenye joto la digrii 1,200 na zaidi, na humo hunywea kwa zaidi ya sehemu moja katika kumi, wala hakinywei sawasawa pande zote.

Katika maelezo hayo yametoka mambo mawili ambayo hula fedha za watu. Kwanza ni kalibu. Ukitaka umbo lako mwenyewe, sharti ulipie kalibu yake, na kiwanda hakitaanza kazi kwa vipande vitano au kumi. Kwa hivyo kabla ya kutaka umbo geni, uliza vibonge vilivyokwisha kuwapo. Kibonge cha milimita 150 kwa 100 kwa 25 ni cha kawaida sana katika mitambo ya kusafishia nafaka na viungo, na uzito wake haupungui sana kilo mbili. Kibonge cha mstatili chaweza pia kukatwa kwa gurudumu la almasi kutoka kibonge kikubwa, bila ya kalibu mpya. Kwa maoni yetu, mfereji wa karafuu hauna haja ya umbo la ajabu, na ni rahisi zaidi kuurekebisha mfereji ufuate sumaku kuliko kuiumba sumaku ifuate mfereji. Akiona kwamba sharti awe na umbo lake, mwanachama na atake kwanza sampuli iliyokatwa, aijaribu, ndipo alipe kalibu. Na iandikwe katika mapatano kalibu ile ni mali ya nani.

Pili ni upande wa mvuto. Chembe zikishapangwa wakati wa kushindiliwa, basi. Hakuna awezaye kuzigeuza baadaye. Mtu akiandika "150 kwa 100 kwa 25" bila kusema mvuto upite katika kipimo kipi, aweza kuletewa sumaku ambayo ncha zake zimo kwenye kingo nyembamba, wala hapana wa kumlaumu. Chora kibonge kwa kalamu, hata kama mkono wako si wa fundi, tia vipimo vyote kwa milimita, na upitishe mshale unaoonyesha mvuto uingie wapi na utoke wapi. Kwa mfereji wetu mshale hupita katika unene, yaani ile milimita 25.

Kuhusu daraja, Wachina, ambao ndio wanaotengeneza nyingi, hutumia herufi Y. Y10T ni sumaku ambayo chembe zake hazikupangwa, na nguvu inayobaki ndani yake ni gausi 2,000 na kidogo. Y30 ni gausi 3,700 hadi 4,000, nayo yatosha kwa kazi yetu. Hapa wengi hukosana na kiwanda bure: hutia kipimo usoni pa sumaku, wakaona katikati ya kibonge kile cha milimita 25 gausi 700 hivi, wakasema wamepunjwa. Hawakupunjwa. Ile 3,700 ni nguvu ya udongo wenyewe, na inayofika usoni hutegemea umbo na unene. Ukikilaza kibonge juu ya bamba nene la chuma laini, nguvu ya uso wa pili hupanda mpaka karibu gausi 1,100, na bamba lile ni rahisi kuliko kununua sumaku nyingine.

Usitegemee kutoboa feriti kwa keekee ya seremala. Hupasuka kama sahani. Tundu likitakiwa lionyeshwe katika mchoro, na liwe pana kuliko parafujo. Vipimo ambavyo havikusagwa baada ya tanuu huweza kutofautiana kwa asilimia 2 hivi, kwa hivyo acha nafasi. Kusagwa kwa usahihi wa sehemu moja ya kumi ya milimita kwawezekana, lakini hulipiwa, na mfereji hauna haja nako.

Jambo moja tusilifanyie ubahili. Feriti isiguse karafuu kabisa. Ikimeguka, vipande vyake vyeusi vitaingia katika karafuu, na tutakuwa tumetia uchafu kwa mkono wetu. Ifungwe ndani ya sanduku la chuma kisichoshika kutu, la namna isiyovutwa na sumaku, lenye bati jembamba upande wa karafuu, kwa sababu kila milimita ya bati hupunguza mvuto.

Kusafirisha ni kwa meli. Ndege wana sharti lao: mzigo ambao mvuto wake umbali wa mita 2.1 unazidi gausi 0.002 huhesabiwa kuwa mzigo wa hatari, na vibonge visivyofungwa kwa kukabiliana huweza kufika hapo. Kiwanda chaweza kuleta vibonge ambavyo havijatiwa nguvu, lakini basi itakupasa uwe na mtambo wa kuvitia, kwa hivyo andika wazi kwamba wataka vilivyotiwa. Na mzigo ukivushwa kwa jahazi, mwambieni nahodha auweke mbali na dira.

Sanduku likifika, lifunguliwe mbele ya shahidi, vibonge vihesabiwe, na vilivyokatika pembe vipigwe picha siku ile ile. Kisha gandisha kipande cha chuma juu ya sumaku, ukivute kwa mizani ya kuning'iniza, uandike kilikubali kuachia kwa kilo ngapi. Rudia kwa chuma kile kile kila kabla ya msimu. Sumaku ya feriti haichoki yenyewe, na ikipungua nguvu kuna jambo limeipata. Wakati wa kazi ifutwe mara kwa mara, karafuu zikiwa zimesimamishwa, kwani misumari ikijazana usoni hukokotwa na karafuu na kurudi guniani.

Mwanachama mmoja akiagiza peke yake bei itamlemea. Walio tayari walete michoro yao ofisini kabla ya kulipa chochote, ili inayofanana iwekwe katika oda moja.