Mkataba wa besiboli ni mwanzo tu wa safari

MNAMO 2022 vijana wawili wa Uganda, Umar Male na Ben Serunkuma, walisajiliwa na klabu ya besiboli ya Los Angeles Dodgers ya Marekani. Kwa mzazi wa Saboti, upande huu wa Mlima Elgon, habari kama hizo huenda zikaonekana kuwa kilele cha ufanisi. Sivyo.

Uteuzi wa chipukizi unaofanywa kila mwaka huwahusu wachezaji wa Marekani, Kanada na Puerto Rico. Wa kwingineko husajiliwa moja kwa moja, kuanzia umri wa miaka 16, kisha huanzia ligi ndogo na kupanda ngazi baada ya ngazi. Wengi hawafiki juu.

Ndiposa klabu haipimwi kwa wingi wa chipukizi iliowasajili, bali kwa idadi ya waliofika ligi kuu na kudumu humo. Gift Ngoepe wa Afrika Kusini alisajiliwa na Pittsburgh Pirates mwaka 2008. Alicheza ligi kuu Aprili 2017, mzaliwa wa kwanza wa Afrika kufanya hivyo, baada ya takriban miaka tisa.

Basi mzazi anayeletewa mkataba na aulize kwanza: mwanangu akikwama njiani, masomo yake yatalipiwa na nani?