Upendo Usiopigiwa Tarumbeta

Leo twajiuliza swali moja tu: upendo wa kweli hutambulikana kwa nini?

Wengi wetu twautafuta katika mambo makubwa: arusi ya kifahari, hotuba tamu, mchango unaotangazwa mbele ya watu. Lakini Bwana Yesu, katika Mathayo sura ya 10, alitaja kikombe cha maji baridi. Kikombe tu! Hata mtoto aweza kukichukua.

Hapa kisiwani Mombasa jambo hili si geni. Pita vichochoro vya Mji wa Kale, karibu na Ndia Kuu, uone jinsi milango inavyotazamana. Jirani akikuletea sahani ya chakula, kwa desturi huirudishi tupu. Mgeni akipiga hodi huambiwa “karibu” kabla ya kuulizwa shida yake. Hayo ni madogo, lakini hebu tuone madogo ya namna hiyo yalivyozaa zamani.

Mwaka 1844 alifika Mombasa mmisionari Mjerumani, Johann Ludwig Krapf, pamoja na mkewe Rosine. Mwezi wa Juni mwaka huo alianza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Nani alimsaidia? Alikuwa kadhi wa Mombasa, Sheikh Ali bin Muhyiddin. Huyu alikuwa Mwislamu, tena mwanachuoni. Yule alikuwa Mkristo, mgeni asiyejua lugha vizuri. Hata hivyo walikaa pamoja, neno kwa neno. Ndugu msikilizaji, kumfundisha mgeni lugha yako ni kazi ya subira. Atakosea leo, na kesho atakosea tena.

Mwezi wa Julai Rosine alijifungua, na baada ya siku chache alifariki, yeye na mtoto wake mchanga. Kaburi lake liko ng’ambo, upande wa Nyali. Krapf alibaki mjane katika nchi ya ugeni, lakini kazi ya lugha haikukoma. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili ilipigwa chapa mwaka 1882, miaka 38 baada ya siku zile za Mombasa. Krapf mwenyewe alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Basi hapa ndipo imani inapoingia: mwenye kupenda hupanda, wala hadai kuyaona mavuno.

Sasa tuvuke maji twende Rabai, kwenye vilima vilivyo nyuma ya Mombasa. Huko aliishi mwenzake Krapf, Johannes Rebmann, aliyefika mwaka 1846. Vitabu humsifu kwa kuwa aliuona mlima Kilimanjaro mwaka 1848. Lakini mwaka 1875, alipoondoka kurudi kwao, alikuwa mzee asiyeona, na mkewe amekwisha kufa. Aliyefuatana naye safari ile ndefu mpaka Ulaya alikuwa Isaac Nyondo, mwana wa Abe Gunja, mmoja wa waamini wa kwanza wa huko Rabai. Fikirini kazi ya kumwongoza kipofu: hapa pana ngazi, hapa inama, hapa pana maji. Kila siku ni yale yale, wala hakuna apigaye makofi. Mwaka uliofuata Rebmann alifariki huko Ujerumani. Watu wengi walijua habari za mlima aliouona. Ni wachache waliojua habari za mkono uliomshika.

Kutokana na hayo twajifunza mambo matatu.

Kwanza, upendo wa kweli huanza na aliye karibu. Usimtafute maskini wa mbali huku mzee wa upande wa pili wa ukuta hajasalimiwa tangu juma lililopita.

Pili, upendo hauulizi kwanza, “Huyu ni wa dini gani?” Sheikh Ali na Krapf hawakuwa wa imani moja, lakini walikaa na kazi moja.

Tatu, upendo hauchoki upesi. Wema wa siku moja ni rahisi. Wema wa siku ya arobaini, mgonjwa anapokuwa mkali na usingizi unapokuwa haba, huo ndio unaopima moyo. Na hapo nguvu zetu wenyewe hazitoshi. Twahitaji kumwomba Mungu kila asubuhi, kama tuombavyo mkate.

Ndugu yangu, dada yangu, pengine nyumbani mwako yuko mtu anayengoja neno moja jema kutoka kwako: mke, mume, mama mkwe, au mtumishi wa jikoni. Usingoje sikukuu. Kabla jua la leo halijatua, mpelekee maji, msikilize, au umwambie “pole”.

Tuombe. Ee Bwana, utufungue macho tumwone aliye karibu, na utupe mikono isiyochoka. Amina.