Ndege Ambazo Hazikurudi

Wengi wetu tukisikia neno takwimu tunakumbuka wastani na michoro ya safu tu, kisha tunapiga miayo. Hata mimi nilikuwa hivyo mpaka niliposoma habari za Abraham Wald.

Bwana huyu alizaliwa mwaka wa 1902 katika mji wa Kolozsvár, ambao leo unaitwa Cluj-Napoca, nchini Romania. Alikuwa Myahudi. Kwa kuwa shule za huko zilifundisha hata Jumamosi, siku ya sabato yao, alisomeshwa nyumbani na jamaa zake. Hata hivyo, alipata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Vienna mwaka wa 1931. Wanazi walipoitwaa Austria mwaka wa 1938, alihamia Marekani. Jamaa zake wengi waliobaki waliuawa.

Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, Wald alikuwa miongoni mwa wanatakwimu wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, waliolisaidia jeshi la Marekani. Ndege za kivita zilikuwa zikirudi na matundu ya risasi. Ndege haiwezi kufunikwa chuma mwili mzima, maana itakuwa nzito mno. Je, chuma kiwekwe wapi? Mimi na wewe tungejibu, "Si pale penye matundu mengi! Kwani wapi tena?"

La hasha! Wald alitambua kwamba matundu yale yalihesabiwa kwenye ndege zilizorudi tu. Ikiwa ndege imetobolewa bawani na bado ikarudi, basi bawa linastahimili. Ikiwa injini za ndege zilizorudi zina matundu machache, si kwamba risasi hazikufika hapo. Zilizopigwa hapo zilianguka, hazikurudi kuhesabiwa. Basi injini ndiyo ya kulindwa.

Nisikilize sasa. Mwaka jana tulitembelewa na wanafunzi wa zamani waliofaulu vizuri. Wakatuambia eti siri yao ni kusoma mpaka saa nane za usiku. Nami nikaanza. Kwa kuwa natoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, nilikuwa nasinzia darasani, na alama zangu za hisabati zikashuka kutoka 61 hadi 38. Nilidhani mimi ni mjinga tu.

Lakini wale walikuwa ndege zilizorudi. Nani aliwaita waliokesha vivyo hivyo wakaanguka mtihani? Na rafiki yangu tuliyeketi dawati moja katika kidato cha pili, akaacha shule kwa kukosa karo, nani atamwuliza risasi ilimpata wapi? Pengine tatizo letu kubwa si uvivu. Tukitaka kuisaidia shule yetu, tuwatafute na hao pia.

Wald mwenyewe alifariki Desemba 1950, pamoja na mkewe, ndege yao ilipoanguka katika milima ya Nilgiri, kusini mwa India, alikokuwa amealikwa kutoa mihadhara. Ajabu ya Mungu!

Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Nami naongeza: na vingine vilizama. Sasa nalala saa nne, na alama zimeanza kupanda. Kwa hayo machache, naweka kalamu chini.