Maji ya Mvua ya Bati: Hubeba Nini Kabla ya Kufika Mtungini?

Kongwa, mkoani Dodoma, hupata mvua kwa msimu mmoja tu, kwa kawaida kuanzia Desemba hadi Aprili. Miezi inayobaki ni ya ukavu, upepo na vumbi. Kwa kuwa visima vingi vya uwanda wa kati vina maji ya chumvi, mvua ya kwanza inapogonga bati kila ndoo, sufuria na pipa hutolewa nje. Bahati mbaya, maji hayo yanayopokewa kwa furaha kubwa ndiyo machafu kuliko yote ya msimu.

Tone la mvua huanza kubadilika likiwa bado angani. Hata mahali pasipo na kiwanda, hunyonya kaboni dioksidi ya hewa na kuwa na uchachu kidogo, kiasi cha pH 5.6. Uchachu huo haumdhuru mnywaji. Maji ya ndimu ni machachu kwa zaidi ya mara elfu moja. Karibu na viwanda na barabara zenye magari mengi, hewa huwa na salfa dioksidi na oksidi za naitrojeni, ambazo hugeuka kuwa asidi ya salfuriki na asidi ya naitriki. Hapo ndipo huzungumzwa habari za mvua ya asidi. Kongwa haina viwanda vizito vya namna hiyo, ila ina moshi wa mashamba na mapori yanayochomwa, wa tanuri za mkaa na wa majiko ya kuni, nao pia huingiza asidi mvuani. Vumbi lenye kalsiamu hupunguza sehemu ya uchachu huo.

Si kila kitu hushuka pamoja na mvua. Vumbi na masizi hutua vikavu, kidogokidogo, mchana na usiku, kwa miezi yote ya kiangazi. Watafiti waliopima jambo hili kandokando ya Ziwa Victoria walikuta kwamba sehemu kubwa ya fosforasi inayoingia ziwani hutoka angani. Juu ya bati la nyumba hali ni hiyohiyo, na huongezeka vinyesi vya ndege na mijusi. Mvua ya kwanza huosha yote hayo kwa mkupuo mmoja.

Mhudumu wa afya asitumie maelezo haya kuwatisha watu waache kukinga mvua. Kongwa inajulikana duniani kwa utafiti wa trakoma, ugonjwa ambao wengi huuita vikope. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1995 yalionyesha kwamba, baada ya matibabu ya dawa ya macho, watoto wa vijiji vilivyohamasishwa kuosha uso walikuwa na trakoma kali kwa kiwango kidogo kuliko wenzao. Kuosha uso kunahitaji maji yaliyo karibu na mlango. Kwa kazi hiyo, maji ya bati yanafaa kabisa.

Kwa kunywa, hesabu ni rahisi. Bati lenye eneo la mita 50 za mraba hutoa lita 50 kwa kila milimita moja ya mvua. Msimu wa milimita 500 huleta lita 25,000, na hata zikipotea moja ya tano hubaki lita 20,000. Kumwaga lita 50 za mwanzo, au kuzitenga kwa ajili ya kumwagilia bustani, si hasara. Familia ing'oe bomba linaloingia kwenye tangi mpaka maji yatoke meupe, na irudie hivyo kila baada ya siku kadhaa za ukavu. Maji yanayofuata yachemshwe au yatiwe dawa ya klorini, kwani vinyesi huacha vijidudu.

Kuchemsha, hata hivyo, hakuondoi madini. Maji yanapopungua kwa mvuke, risasi iliyomo hubaki ndani ya sufuria ikiwa nzito zaidi. Risasi inayozungumziwa hapa ni ile metali ya kijivu iliyomo katika betri za gari. Mji wa Kibaigwa, wenye soko kubwa la mahindi kwenye barabara ya Dodoma hadi Morogoro, hupokea malori mengi, na penye malori hapakosi betri chakavu. Madhara ya kuziyeyusha karibu na makazi yalionekana Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda kilichofungwa mwaka 2014 kilikuwa kikirejeleza betri ubavuni mwa nyumba za watu. Udongo ulikutwa na risasi, na watoto pia. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na kesi ikaendelea katika rufaa kwa miaka mingine.

Mtoto mwenye risasi mwilini haji zahanati na dalili ya pekee. Huja na maumivu ya tumbo, kukosa choo, upungufu wa damu usiopona kwa dawa za madini ya chuma, au mwalimu amesema hashiki masomo. Degedege hutokea kiwango kikiwa kikubwa. Swali moja husaidia: je, nyumbani au jirani kuna mtu anayevunja au kuyeyusha betri? Shirika la Afya Duniani lilielekeza mwaka 2021 kwamba kuanzia mikrogramu 5 kwa desilita ya damu chanzo kitafutwe na kuondolewa. Kwa mtoto wa miaka 10 au chini, dawa ya kutoa risasi mwilini huanzia mikrogramu 45. Dawa hiyo haina faida ya kudumu mtoto akirudishwa kwenye chanzo kilekile.

Familia yenye shaka na maji yake iweke sampuli katika chupa safi ya plastiki na kuuliza kupitia afisa afya namna ya kuifikisha kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, Dodoma. Juu ya chupa iandikwe tarehe, aina ya paa, na kama maji ni ya mvua ya kwanza au ya katikati ya msimu, kwa sababu majibu ya mvua hizo mbili hayafanani.