Likizo Kisiwani Wasini: Ya Kufanya na Ya Kuepuka

Familia nyingi za Kwale hupokea jamaa na wageni wakati wa likizo, lakini zenyewe hazijawahi kuvuka mkondo wa Shimoni kwenda Wasini. Wengi hudhani kisiwa hicho ni cha watalii wa hotelini pekee. Hata hivyo, mkazi akipanga mapema anaweza kwenda asubuhi na kurejea nyumbani jioni. Muhimu ni kujua la kufanya huko, na kukumbuka kwamba wanakijiji wengi wanaitegemea bahari hiyo kwa riziki.

Jinsi ya kufika

Msafiri anayetoka Ukunda hupanda matatu za barabara ya Lunga Lunga na kushuka Kanana. Kutoka hapo, Shimoni ni takriban kilomita 15 kwa bodaboda au matatu. Boti za kuvuka hupatikana gatini. Kabla ya kupanda, patana nauli ya kwenda na kurudi, na uhakikishe kila abiria, wakiwemo watoto, amevaa jaketi ya kuokolea maisha. Boti isiyo na jaketi za kutosha isipandwe, hata nauli yake ikiwa nafuu.

Wakati unaofaa

Bahari huwa tulivu zaidi kuanzia Oktoba hadi Machi. Msimu wa kusi, hasa Juni hadi Agosti, mawimbi huwa makubwa na maji hayaonekani vizuri chini. Ni busara kuondoka asubuhi mapema kabla upepo haujapanda. Nahodha akisema bahari imechafuka, ahirisha safari.

Mambo ya kufanya

Pango la Shimoni. Jina la mji huu limetokana na pango lililo karibu na gati. Katika enzi ya biashara ya utumwa, mateka walizuiliwa humo wakisubiri kusafirishwa kwa majahazi. Waelekezi wa kijiji hueleza historia hiyo, na kiingilio husaidia mahitaji ya jamii. Kwa watoto wa shule, hili ni somo la historia ambalo kitabu pekee hakiwezi kulitosheleza.

Bustani ya matumbawe. Katika kijiji cha Wasini kuna daraja la mbao linalosimamiwa na kikundi cha akina mama. Daraja hilo hupita juu ya matumbawe ya kale yaliyobaki nchi kavu, kati ya mikoko na mimea ya ufuoni. Wakati wa bamvua, yaani mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, maji ya bahari huingia hadi chini ya daraja. Kiingilio huenda moja kwa moja kwa kikundi.

Hifadhi ya Kisite-Mpunguti. Hifadhi hii iko baharini, kusini mwa Wasini, na husimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Pomboo huonekana mara kwa mara njiani, na kati ya Julai na Oktoba nyangumi hupita. Mgeni huogelea juu ya matumbawe akiwa na miwani na mpira wa kupumulia, na akibahatika humwona kasa. Mkenya abebe kitambulisho ili atozwe ada ya raia, na malipo hufanywa kwa njia ya mtandao kabla ya kuingia.

Kutembea kijijini. Wasini haina magari. Njia zake ni za miguu, na mawe yake ni ya matumbawe. Kisiwa hakina mto wala chemchemi, kwa hivyo wenyeji hutegemea zaidi maji ya mvua wanayoyahifadhi. Mgeni asiyatumie ovyo. Chakula cha mchana, wali wa nazi na samaki au kaa, ni vyema kiagizwe kijijini. Fedha hizo hubaki kwa mpishi na mvuvi.

Kwa nini uangalifu unahitajika

Matumbawe si mawe. Ni viumbe hai, na aina za mabonge hukua takriban sentimita moja tu kwa mwaka. Mguu mmoja unaokanyaga au nanga moja inayotupwa vibaya huweza kuharibu kilichochukua miaka mingi kukua. Mwaka 1998 joto la bahari lilipanda, na matumbawe mengi ya pwani ya Kenya yakageuka meupe na kufa. Matumbawe yakifa, samaki hukosa makao, mvuvi hurudi na kapu tupu na mgeni naye hana cha kuja kutazama.

Kwa sababu hiyo, wageni wanahimizwa:

- Wasisimame juu ya matumbawe wala kuyashika. Anayechoka alale chali aelee, au aite boti.
- Wamwombe nahodha afunge boti kwenye boya badala ya kutupa nanga.
- Wasikubali boti iwafukuze pomboo. Izime au ipunguze injini na kuwaacha wapite, hasa mama mwenye mtoto.
- Wasichukue wala kununua makombe, matumbawe au gamba la kasa.
- Waache nyumbani chupa za plastiki za kutumika mara moja. Zimepigwa marufuku katika hifadhi za taifa tangu Juni 2020.

Heshima kwa wenyeji

Wakazi wa Wasini wengi ni Waislamu. Nguo za kuogelea ni za baharini. Ukipita kijijini, jifunge leso au uvae nguo za staha. Bisha hodi, salimia wazee, na uombe ruhusa kabla ya kupiga picha ya mtu au nyumba yake.

Kabla ya kuondoka gatini, mweleze mtu aliyebaki nchi kavu jina la boti na saa mnayotarajia kurudi. Mkichelewa, atajua wapi pa kuanza kuuliza.