Kupogoa Kahawa Hujifunzwa Mtini

Ndugu zetu, leo twataka kusema nanyi habari ya kujifunza kazi. Wako watu wenye bidii ambao, wakitaka kuanza kazi mpya, hutafuta kitabu, wakiisha kukisoma hutafuta cha pili, baada ya cha pili huenda kusikiliza mafunzo, kisha husema, "Bado sijajua vya kutosha." Msimu hupita, na kazi haijaanzwa. Hatuwacheki watu hao, maana mara nyingi kinachowazuia si uvivu, ila hofu ya kuharibu mali. Lakini katika kazi za mikono hofu hiyo haiondolewi kwa kusoma zaidi. Tutaeleza sababu yake kwa mfano wa kazi inayojulikana sana katika nchi ya Uru, yaani kupogoa kahawa.

Uru iko katika mteremko wa Kilimanjaro, juu ya mji wa Moshi, kati ya Kibosho na Mbokomu. Huko watu hukaa katika vihamba vyao, na ndani ya kihamba migomba hutia kivuli mibuni iliyo chini yake. Mibuni mingi ni mizee. Iko iliyopandwa na babu, akamwachia mwana, naye mwana sasa ana mvi. Mjukuu aliyemaliza shule hukabidhiwa msumeno na mkasi. Maelezo ya bwana shamba ameyasoma, hata ameyakariri. Lakini akisimama mbele ya mti, haoni yale aliyoyasoma.

Kwa nini haoni? Kitabu husema: mbuni huzaa mahali palipokua msimu uliopita, na pale palipokwisha kuzaa kwa kawaida hapazai tena, kwa hiyo ondoa tawi lililochoka, ubakize lililo changa. Maneno hayo ni kweli. Lakini shikeni tawi moja la mbuni halisi mkalitazame. Karibu na shina ni la kijivu, tena ni tupu, halina majani, maana hapo lilizaa zamani. Katikati lina makovu ya mavuno yaliyopita. Nchani tu ndipo penye kijani na majani yanayong'aa. Je, tawi hilo ni zee au ni changa? Ni vyote viwili. Mkulima hana budi kupima mwenyewe: ncha hii ya kijani yatosha kuzaa, au mti wapoteza nguvu zake bure kwa kuilisha? Tena chini ya shina yametokea machipukizi kumi. Yapi mawili au matatu yaachwe yawe mashina mapya, na yapi yaondolewe? Huachwa yaliyo imara, yaliyoachana, yenye nafasi ya kupata mwanga. Mti uliochorwa kitabuni umenyooka na matawi yake yahesabika. Katika kihamba chote hamtaona mti kama huo hata mmoja.

Iko na sababu ya pili, nasi twaiona kuwa ni kubwa kuliko ya kwanza. Mbuni hujibu. Ukiukata kupita kiasi, mvua ikinyesha hutoa machipukizi mengi na matunda machache. Ukiukata kidogo mno, ndani yake hubaki giza na unyevu, na magonjwa hupenda mahali pa namna hiyo. Majibu haya ndiyo mafunzo yenyewe, wala hayapatikani kwa mtu ambaye hajakata kitu.

Lakini mtasema, "Mti wangu ni karo ya mtoto wangu, nitauchezeaje?" Neno hilo ni la haki. Mbuni uliokatwa ukabaki kisiki hukaa kama miaka miwili kabla ya kuzaa tena vizuri, na kwa nyumba inayotegemea kahawa hilo si jambo dogo. Basi mtu asianze na kihamba kizima. Na achague mibuni mitatu iliyo pembeni. Wa kwanza aupogoe kama aonavyo mwenyewe. Wa pili aupogoe huku mzee ajuaye kazi hiyo amesimama kando, asiyemnyang'anya mkasi, ila amwambie tu, "Ngoja mwanangu, hapo sipo." Wa tatu asiuguse. Aandike katika daftari alichokata na kwa nini, kisha baada ya masika arudi kuitazama yote. Twapenda sana kuusifu mti ule wa tatu, maana bila huo mtu hudhani kila jema lililotokea limeletwa na mkasi wake, kumbe labda lililetwa na mvua.

Wazee wa mlima huu hawakujifunza kahawa kwa njia nyingine. Kabla ya mwaka 1900 mapadre wa Kilema walikuwa wamekwisha kupanda mibuni, na baadaye walowezi wakafungua mashamba yao. Wachaga walioitazama kazi hiyo, au walioifanya kwa mshahara, waliijaribu vihambani mwao. Mwaka 1925 wakulima walikuwa wengi hata wakaunda chama chao, kilichojulikana kwa herufi KNPA. Na mwaka 1933 nafasi yake ilikuwa imekwisha kushikwa na chama kikuu cha ushirika, KNCU, ambacho kingali kipo. Kituo cha utafiti wa kahawa cha Lyamungu kilianzishwa mwaka 1934, yaani baada ya hayo yote.

Hatusemi haya ili kudharau elimu. Aina za mibuni zinazostahimili chulebuni na kutu ya majani zimetoka huko huko Lyamungu, yalipo sasa makao ya Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, na hakuna mkulima ambaye angezipata kwa kukata na kutazama tu. Tena mtu aweza kufanya kazi miaka 40 huku akirudia kosa lile lile. Kwa hiyo mjukuu mwenye karatasi naye ana la kumpa mzee, ikiwa wote wawili watasimama chini ya mti mmoja.

Jambo hili laonekana vizuri zaidi wakati wa kuvundika kahawa. Tunda jekundu likiisha kumenywa kwa mashine ya mkono, punje hubaki na ute, nazo huwekwa katika chombo mpaka ute ulegee. Kwa saa ngapi? Kitabu hutaja saa 24, au 48, au hata 72, wala hakikosei, maana kazi hiyo hutegemea baridi na joto. Huko juu karibu na msitu ni baridi, na ute hukawia. Chini kuelekea Moshi ni joto, nao huwahi. Ukiziosha mapema, ute hubaki na punje hukawia kukauka. Ukichelewa, hunuka uchachu, na harufu hiyo haitoki tena, bei ikashuka. Basi mkulima hutia mkono, akateka punje kidogo, akaziosha na kuzisugua. Zikiteleza, bado. Zikikwaruza kama changarawe, tayari. Hakuna awezaye kuandika mkwaruzo huo. Lakini mtoto akitiwa mkono wake chomboni mara tatu, asubuhi, jioni na asubuhi ya pili, ataujua maisha yake yote.

Njia hii imepata jina na utaratibu mbali na hapa. Mwaka 1989, katika nchi ya Indonesia, wakulima wa mpunga waliosumbuliwa na wadudu walianza kukutana shambani kila juma, msimu mzima. Walihesabu wadudu wabaya na wale walao wadudu wabaya, wakalinganisha kipande kilichopuliziwa dawa kwa mazoea na kile walichokitunza kwa kutazama kwanza. Utaratibu huo umefika Afrika ya Mashariki, nasi twauita shamba darasa. Mwalimu wake huuliza kuliko anavyoeleza, jambo ambalo huwachukiza kidogo watu waliozoea kuandika imla.

Kwa wale watakaoanza mwaka huu: ngojeni mavuno yaishe, mkapogoe kabla ya masika ya mwezi wa Machi. Noeni mkasi kwanza, maana ubutu huchana gome. Kateni kisiki kwa mshazari ili maji yasituame juu yake, na sehemu ya chini ya mshazari isielekee kwenye chipukizi mliloliacha. Machipukizi yasiyotakiwa yaondolewe kwa mkono yangali laini, wala msingoje mpaka yahitaji msumeno. Na ile mibuni mitatu ifungeni kipande cha kitambaa, ili mwezi wa Juni msije mkabishana ni ipi.