Minjingu: Urani Ndani ya Mifupa ya Ndege

Je, wajua kwamba mbolea ya Minjingu ilipatikana na watu waliokuwa wakisaka urani? Mwaka 1956 wataalamu wa madini walifuatilia mionzi iliyonaswa na vipimo vilivyobebwa na eropleni, wakafika kwenye kilima kimoja mashariki mwa Ziwa Manyara, katika eneo ambalo leo ni Wilaya ya Babati, Tanzania. Urani waliikuta kweli, ila kidogo. Iliyojaa pale ni fosfati, madini ya mbolea, na ndani ya fosfati hiyo mna mifupa.

Mifupa mingi ni ya mnandi, yule ndege mweusi apigaye mbizi kuvua samaki kisha akasimama juani na mbawa wazi, kama mtu aliyeanika kanzu. Zamani Ziwa Manyara lilikuwa kubwa kuliko lilivyo sasa, na kilima cha Minjingu kilikuwa kisiwa. Ndege walilala hapo, wakazaliana hapo, wakafia hapo. Kinyesi chao, mabaki ya samaki waliowala na mizoga yao wenyewe vilirundikana kwenye tope la ufukweni, tabaka juu ya tabaka. Mnandi huyo si wa leo. Ni spishi iliyokwisha kutoweka, na mwaka 1991 mtafiti Thomas Schlüter aliipa jina la Phalacrocorax kuehneanus.

Urani je, iliingiaje? Ndege hakuibeba. Mfupa wa kiumbe hai huwa na urani kidogo mno. Kazi yote ilifanyika baada ya kifo. Mvua huosha miamba na kuondoka na chembe za urani, na maji ya magadi, kama ya maziwa mengi ya Bonde la Ufa, huishika vizuri ikiwa imeyeyuka. Ziwa Manyara halina mto wa kutokea. Maji huingia, jua huyakausha, chumvi hubaki. Maji hayo yalipopenya kwenye mashapo yalikutana na mifupa, ambayo madini yake makuu ni fosfati ya kalsiamu. Fosfati hiyo huinasa urani na kuishikilia. Ndiyo maana wanaochimba mabaki ya kale sehemu nyingi duniani hukuta mfupa uliozikwa una urani nyingi kuliko udongo unaouzunguka.

Tani moja ya mwamba wa Minjingu ina urani ya takriban gramu 400, ilhali mwamba wa kawaida una gramu 2 au 3 tu. Kwa mgodi wa urani hicho ni kiwango cha chini. Lakini urani inapooza huzaa elementi nyingine, na baadhi yake hutoa miale ya gama inayopenya hewa hadi kwenye kipimo cha ndege inayopita juu. Bila urani hiyo kidogo, huenda kilima kingebaki malisho ya mifugo kwa miaka mingi zaidi.

Uchimbaji wa fosfati ulianza mwaka 1983. Mwamba laini wa Minjingu una sifa adimu: ukisagwa tu na kutiwa kwenye udongo wenye asidi, huyeyuka wenyewe na kulisha mmea, bila kupitishwa kwanza kwenye kiwanda cha kemikali. Watafiti wameujaribu hata katika mashamba ya mahindi magharibi mwa Kenya, ambako udongo umechoka kwa kukosa fosforasi, kirutubisho kilichomo ndani ya fosfati.

Kilo 50 za mwamba huo, uzito wa mfuko mmoja, zina urani ya gramu 20 hivi. Mkulima huitawanya shambani ikachanganyika na udongo mwingi. Ninayemfikiria zaidi ni anayesimama kwenye mashine ya kusaga kutwa nzima. Pamoja na urani mna radiamu, binti yake, ambayo nayo huzaa radoni, gesi isiyo na rangi wala harufu. Vumbi la pale huingia mapafuni na vyote hivyo. Barakoa nzuri, maji ya kunyunyizia vumbi na kipimo cha mionzi kifuani ni haki yake kila siku ya kazi.